Viroba Vilivyopewa Majina ya Ng'ombe

Vijana wangu, hasa ninyi mliopanga vyumba hapa Kayanga mkapewa ua wa kuanikia shuka mbili, huwa mnanisimamisha njiani kuniuliza dawa. "Shikamoo mzee. Ile mboga yako ya chainizi unaitilia nini?" Mnadhani nina chupa nimeificha uvunguni. Mmoja wenu alinitumia hata picha ya jani kwenye simu, jani lenye madoa meupe, akitaka nimtajie ugonjwa. Nilivaa miwani, nikaikuza picha, nikaigeuza. Yalikuwa mavi ya kuku. Nikamjibu: osha, kula.

Dawa sina. Ninachoweza kuwapa ni habari za viroba ninavyopandia mboga, na za mama aliyevipa majina. Kaeni. Muda ninao, tena mwingi kuliko ninavyoutaka.

Nilikuwa bwana shamba. Siku hizi mnasema afisa ugani, lakini huko vijijini, Karagwe hii mpaka mwisho wa Kyerwa, nilikuwa bwana shamba, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki. Kazi yangu ilikuwa migomba na kahawa. Nikiingia kwenye kibanja cha mtu, shamba lake la migomba na kahawa, naletewa kiti, naletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, naulizwa habari za nyumbani, ndipo napelekwa kumwona mgonjwa: mgomba unaonyauka au mbuni uliotobolewa na bungua. Mboga zilikuwa nyuma ya jiko, kwa akina mama, na mimi nilizipita tu nikielekea migombani. Hata kwangu Bweranyange, mke wangu Yustina ndiye aliyezijua.

Nilistaafu. Yustina akafariki. Presha ikanipanda, magoti yakakataa mteremko wa kwenda kisimani. Binti yangu Editha, anayefanya kazi Dodoma, akaniambia kwa simu, "Baba, huwezi kukaa huko peke yako. Ukianguka nani atajua?" Akanitafutia vyumba viwili hapa mjini, karibu na zahanati na stendi. Kibanja nikamwachia mdogo wangu. Nikahamia mjini ili nisikae peke yangu.

Sasa sikilizeni. Kijijini mtu hapiti mbele ya nyumba yako bila kusimama. Atauliza umeamkaje, atauliza migomba, atauliza goti. Hapa geti ni la bati, na kila mtu ana haraka. Nilikuwa namaliza siku nzima bila mtu kutamka jina langu. Jioni nilikuwa nasoma kwa sauti maandishi ya kwenye paketi ya majani ya chai ili nisikie koo langu linafanya kazi. Msicheke. Haya, chekeni.

Kilichonisukuma kwenye mboga ni fungu la mchicha. Pale sokoni fungu limefungwa kwa ajili ya nyumba yenye watoto. Mimi nakula kidogo, kesho linalobaki limelala, keshokutwa natupa. Siku moja nilimwomba mama muuzaji anigawie nusu. Alikuwa mwanamke mwenye mdomo, anabishana na kila mteja, lakini mimi aliniangalia tu, akakata fungu akanipa. Kisha akasema kwa upole, "Pole, baba."

Ile pole ilinifuata mpaka nyumbani. Nikaamua sitairudia.

Ua wetu ni ukanda wa saruji kati ya milango na ukuta wa jirani. Mtu akipita na ndoo, mwenzake anasubiri. Hakuna hata kiganja cha udongo. Nikatafuta kiroba kilichokuwa cha mahindi, nikalipa boda aniletee udongo, nikashindilia, nikakikalisha karibu na mlango, nikapanda chainizi juu na mchicha ubavuni. Bwana shamba mzima! Baada ya muda vya juu vilikuwa vimeoza shingo na vya chini vimekauka kama ugoro.

Nikamkumbuka Bwana Felisiani, aliyenipokea kazini nikiwa kijana kama ninyi. Yule mzee hakuongea na mkulima kabla hajachomeka kidole ardhini. Wenzetu wakitoa hotuba, yeye amechuchumaa, kidole chote kimezama, amefumba macho kama anayepima homa ya mtoto. Nilipokuwa mgeni niliona ni maringo. Basi nami nikachomeka kidole kwenye kiroba changu. Juu tope, na nilipokitoboa chini, vumbi. Maji yalikuwa hayashuki.

Kwa hiyo andikeni hapa, wenye simu. Kata dumu la mafuta ya kula juu na chini, libaki bomba. Lisimamishe katikati ya kiroba, ujaze kokoto ndani yake. Pembeni weka udongo uliochanganywa na mchanga na samadi. Usishindilie. Ukifika usawa wa dumu, livute juu kidogo, jaza tena kokoto, jaza tena udongo, mpaka mdomoni. Maji unamwaga kwenye kokoto, yanashuka yenyewe na kugawa kila upande. Matundu ya ubavuni yapishane, moja lisikae juu ya lingine. Na mchicha usiung'oe. Chuma majani ya chini, uache moyo. Utakula kiroba hicho mpaka ukichoke.

Nilikuwa nimeinama nakipanga kiroba hicho cha pili, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Bwana, hayo majani unamlisha nani? Sijaona ng'ombe hapa."

Alikuwa mpangaji mwenzangu wa mlango wa pili, Ma Leokadia, mjane mrefu aliyenyooka kama mlingoti japo alinizidi umri. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Kwao walikuwa wafugaji, huko Kyerwa kwenye nyika. Mumewe alipokufa wanawe waligawana mifugo wakauza, na Erasto, wa mwisho, mwenye duka la vipuri Kahama, akampangishia hapa awe karibu na matibabu. Mwanamke mmoja, Devota, alikuwa akija asubuhi kumpikia na kumfulia, mchana anaondoka.

"Shikamoo, mama. Nakula mwenyewe."

"Marahaba. Mwenyewe? Majani?" Akatikisa kichwa. "Pole sana."

Nimeikimbia pole ya sokoni, nyingine imenifuata mlangoni.

Lakini kesho yake alitoka tena kuangalia. Alichukua samadi yangu, akaivunja kiganjani, akainusa, akairudisha. "Hii bado mbichi. Itaunguza. Nani kakupa?" Akampigia simu ndugu yake, na kabla wiki haijaisha ikaja samadi ya zizini iliyokaa, nyeusi, nyepesi, yenye harufu ya msitu baada ya mvua. Hiyo ndiyo samadi. Ikikunukia ng'ombe, iache kwanza.

Viroba viliongezeka mpaka vikafika mlangoni kwake, nikaogopa atalalamika. Badala yake akavipa majina. Cha kwanza, kilichochafuka kwa udongo mwekundu, akakiita Bihogo, kwa kuwa huko kwao ng'ombe wa rangi hiyo huitwa hivyo. Chenye madoa ya rangi kikawa Mayenje. Chembamba cha pembeni kikawa Kagaju.

"Kagaju alikuwa wa mahari yangu," alisema. "Mdogo hivyo hivyo, halafu hashibi."

Asubuhi nikitoka namkuta ameshavikagua. "Mayenje ana wadudu mgongoni." Kweli, viwavi. Tulivitoa kwa mkono, yeye upande huu, mimi upande ule, kisha nikanyunyiza majivu. Siku ya mvua ya mawe, ile iliyotoboa mabati ya watu, nilikimbilia nje na gunia nikamkuta yuko uani tayari, amevua kitenge cha mabegani amemfunika Kagaju, mawe yanamgonga kichwani. "Mama, ingia ndani!" Akaniambia nimfunike Bihogo kwanza, niache kelele.

Kula mboga alikataa. Nilimpelekea bakuli la mnavu likarudi kama lilivyokwenda. Halafu akaniletea samli kwenye kikombe. "Tia hii. Labda itapita." Nikatia. Vijana, kama hamjala mnavu mchungu uliopikwa kwa samli ya kwetu, bado hamjala. Tangu siku hiyo tulikula jioni pamoja, yeye kizingitini kwake, mimi kizingitini kwangu, sahani magotini, viroba katikati. Wapita njia walichungulia getini wakauliza kama wazee tumeoana.

"Na huyu?" Ma Leokadia alijibu. "Hana hata ndama mmoja!"

Nilikuwa nimeanza kuamka kabla ya jua bila kujua kwa nini. Baadaye nilijua: kulikuwa na mtu wa kumwambia umeamkaje.

Sijui ilianza lini. Labda alipotia chumvi kwenye chai yangu, tukacheka. Labda aliponiuliza mke wangu yuko wapi, nikamweleza, kisha akaniuliza tena kabla chai haijapoa. Ninachokumbuka sawasawa ni asubuhi moja alipogusa kiroba chembamba akasema, "Kagaju amepunguza maziwa." Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia akingoja niseme tutafanyaje.

Muda si mrefu baadaye nilikwenda hospitali ya Nyakahanga kuchukua dawa zangu za presha. Niliporudi mchana geti lilikuwa wazi na chumba cha Ma Leokadia hakina mtu. Devota alikuwa ameshaondoka. Nilimwita mama mpaka nikaona haya. Kijana wa boda aliyenileta, hata jina lake silijui, akasema, "Panda mzee, tumtafute." Tukapita sokoni, tukapita stendi, tukauliza madukani. Mama mrefu, kitenge cha kijani. Hakuna aliyemwona. Moyo ulikuwa unapiga mpaka masikioni, na dawa zenyewe zilikuwa mfukoni sijazimeza.

Tulimkuta nje ya mji, kwenye barabara ya vumbi. Wachunga walikuwa wanapeleka ng'ombe mnadani, na nyuma ya kundi, miguu peku, fimbo mkononi, alikuwa anatembea Ma Leokadia. Alitembea vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akitembea. Wale vijana wachunga walikuwa wameogopa kumfukuza.

"Mama," nikasema, "twende nyumbani."

Akageuka, uso umechangamka. "Ndyamukama! Mbona umechelewa?"

Ndyamukama alikuwa mchunga ng'ombe wao wa zamani. Mama aliwahi kunisimulia habari zake. Nikamwambia mimi ni bwana shamba, jirani yake. Uso ukamfifia, akaanza kutazama huku na huku, mkono umeibana fimbo. Kundi lilikuwa linasogea na yeye akaanza kulifuata. Nisingeweza kumshika kwa nguvu mama wa watu katikati ya barabara. Ndipo maneno yakanitoka, sijui yalitoka wapi.

"Nimechelewa, mama, nisamehe. Lakini wale wa nyumbani bado hawajanyweshwa."

Alisimama palepale. "Bihogo hajanywa?"

"Hajanywa."

"Jua lote hili! Basi twende, unangoja nini?"

Tukampandisha boda katikati yetu, fimbo yake ikiwachapa waendao kwa miguu. Kufika tu, alikwenda kwenye pipa la maji, akachota, akamnywesha Bihogo, akamnywesha Mayenje, akamnywesha Kagaju. Akarudia. Nilimwacha. Nilikuwa nimekaa kizingitini naitafuta pumzi yangu.

Lakini hakuacha tena. Kila alipotoka nje alikuta hawajanywa, na mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Alinywesha asubuhi, akanywesha jua la utosi, wakati ambao maji hulichemsha jani. Mnajua maji ya hapa mjini: leo bomba linatoka, kesho linakohoa. Nilikuwa nakuta pipa tupu sina hata ya kunawa. Mchicha ukageuka njano, chainizi ikaoza mizizi, kiroba cha Mayenje kikanuka kama kinamasi. Devota akasema, "Baba, funga mfuniko wa pipa kwa kufuli."

Nilifunga asubuhi moja. Ma Leokadia alizunguka lile pipa, akalipapasa, akaja mlangoni kwangu na ndoo tupu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Wanalia, Ndyamukama. Husikii?" Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikafungua.

Basi nikakaa nikafikiri kama nilivyolipwa kufikiri miaka yote ile. Shida haikuwa Ma Leokadia. Shida ilikuwa kiroba kinachokataa maji. Nikavimwaga vyote vitatu. Nikavijaza upya, kokoto nyingi, mchanga mwingi, udongo kiasi cha kushika mzizi tu. Nikavipandisha juu ya matofali, chini ya kila kimoja nikaweka beseni. Mchicha na chainizi nikavihamishia kwenye ndoo mbovu upande wangu. Kwenye viroba nikapanda matembele, maana matembele hayadeki.

Sasa alimwaga maji juu, yakapita kwenye kokoto, yakashukia beseni. Mimi niliyarudisha kwenye ndoo yake, naye akamwaga tena. Maji yaleyale yalizunguka siku nzima, pipa likabaki limejaa, na matembele yakatambaa mpaka yakafunika matofali. Nimefundisha mambo mengi katika vibanja vya watu, mengine nimesahau mimi mwenyewe. Lakini kama mtaniuliza ni kipi nilichokitengeneza kikafanya kazi yake sawasawa, nitawaonyesha yale mabeseni.

Jioni alikuwa anachoka, uchovu ule mzuri wa mtu aliyefanya kazi. Tulikula. Aliniita Ndyamukama, nikaitika. Mara chache, taa ikiwaka machoni, aliniita bwana shamba, na hapo niliweka sahani chini ili nimsikilize vizuri.

Erasto alikuja mwisho wa kiangazi, na gari. Devota alikuwa amempa habari za kupotea. Ni kijana mwenye adabu; aliniamkia, akakaa kwenye kigoda changu, akakunja mikono.

"Baba, umenisaidia mno. Lakini mama hawezi kuishi hivi. Kahama kuna mke wangu, kuna watoto, hatakuwa peke yake hata dakika moja."

Ningemwambia nini? Kwamba hapa pia hakuwa peke yake? Editha wangu alisema maneno yaleyale aliponileta mjini. Nikamwambia, "Umefanya vema, mwanangu. Mweke karibu na maji. Anapenda kumwagilia."

Nilimwonyesha viroba na mabeseni. Alisikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari, na nikaona maelezo hayamwingii.

Ma Leokadia aliingia garini bila ubishi, amevaa gauni lake la kanisani. Nilisimama dirishani nimuage. Alinitazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni. "Haya, baba," akasema. "Ubaki salama." Hakuniita bwana shamba, hakuniita Ndyamukama. Gari likarudi nyuma, likapinda kwenye kona ya fundi baiskeli, likaenda.

Nilifunga geti nikarudi uani. Mkono wangu ulikuwa umeshabeba beseni la Kagaju ili nirudishe maji kwenye ndoo, ndipo nikaona lilikuwa kavu.

Baada ya hapo nililegea, siwafichi. Chumba chake kilipata mpangaji, kijana wa kampuni fulani ya simu, anatoka asubuhi na kurudi akiwa amechoka, kila mara ana kitu masikioni. Mtu mwema. Pikipiki yake inahitaji nafasi, nikavisogeza viroba ukutani. Matembele yaliendelea yenyewe. Mimi ndiye sikuendelea. Kupika sufuria nzima kwa ajili ya sahani moja ni kazi inayochosha kuliko kulima, na jioni nyingi nilikunywa chai nikalala. Editha alipiga simu, nikamwambia niko vizuri. Akafurahi.

Jumapili moja jioni simu ikalia. Erasto.

"Shikamoo baba. Mama tangu mchana anasema anataka kuongea na mtu. Hajui jina. Nimemtajia wote, anakataa. Nikaona nijaribu kwako."

"Marahaba. Mpe."

Nilisikia watoto wakicheza, sahani zikigongana, sauti ya mwanamke akiwanyamazisha. Halafu pumzi. Nilijua ni yeye. Nikasema, "Ma Leokadia?" Pumzi tu. Sikujua niwe nani, bwana shamba au Ndyamukama, basi nikaibana simu sikioni.

"Umekula?" akauliza.

Sauti ilikuwa yake ileile, yenye amri kidogo.

"Nimekula, mama."

"Haya."

Simu ikakatika. Nilikuwa sijala. Nilikaa pale kidogo, kisha nikanyanyuka nikaenda kuwasha jiko.